Kimya Kina Mwenyewe

Mwaka jana, mwishoni mwa Septemba, niliandika uongo wa maneno sita chini ya picha, na watu zaidi ya mia tatu wakaupenda. Picha ilionyesha bandari ndogo: mashua za wavuvi zimefungwa ubavu kwa ubavu, kikanisa juu ya mwamba, pweza watatu wakining'inia kwenye kamba kama soksi zilizoanikwa. Niliandika hivi: "Kijiji kidogo, kitulivu, kilichosahauliwa na dunia."

Kidogo ni kweli. Hayo mengine niliyaokota. Niliyasoma kwenye vitabu vya watalii, kwenye majarida ya ndani ya ndege, kwenye kurasa za watu wanaolipwa kwenda mahali na kusema ni pazuri. Wala sikuyafikiria, yalikuja yenyewe kama "amina" inavyokuja baada ya dua. Siku tatu baadaye, mjini Mytilene, mtu mmoja aliniuliza swali dogo kwa Kiswahili, nikamjibu kwa maneno hayohayo, akacheka. Tangu siku ile nikiyasikia naona haya.

Kwa hiyo naomba niseme mapema ninachokitaka. Nataka sisi tunaoandika habari za safari kwa Kiswahili tuache kuita mahali "patulivu" kana kwamba utulivu ni hali ya hewa. Kimya cha mahali kina historia na kina gharama, na mara nyingi aliyelipa gharama hiyo hayumo kwenye picha. Anayekisifu bila kuuliza kimetoka wapi anamsaidia aliyekileta kwa nguvu, hata kama nia yake ilikuwa kuonyesha pweza tu.

Kijiji chenyewe kinaitwa Skala Sykamnias, pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Lesbos, nchini Ugiriki. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi Ujerumani, nina kibali cha ukaazi pochini, kadi ya plastiki isiyozidi kiganja. Kwa kadi ile nilipanda ndege hadi Athens, kisha meli ya usiku kutoka Piraeus, na hakuna aliyeniuliza naenda kufanya nini. Ikumbukeni kadi hiyo, nitairudia. Meli inakwenda usiku kucha, inatia nanga Chios gizani, asubuhi iko Mytilene. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 40 za barabara ya kupindapinda kati ya mizeituni, unapita Mantamados, kisha mlima Lepetymnos unateremka na kukutupa baharini.

"Skala" kwa Kigiriki ni gati, mahali pa kushukia. Katika visiwa vile vijiji vingi huwa viwili: cha juu mlimani, ambako watu walijenga kwa kuwaogopa maharamia, na cha chini ufukweni, ambako walishuka kuvua na kupakia mizigo. Sykamnia iko juu, Skala ndiyo gati lake. Jina Sykamnia linatokana na mforosadi, na mforosadi upo kweli pale bandarini, mzee, umetandaza matawi juu ya meza za mkahawa. Wenyeji wanauhusisha na Stratis Myrivilis, mwandishi mzaliwa wa kijiji cha juu, ambaye riwaya yake ya mwaka 1949 ina jina la kile kikanisa cha mwambani: Bikira Maria aliye nusu nguva. Riwaya hiyo inahusu wakimbizi waliovuka bahari na kufika pale na mabunda yao, wakaanza maisha upya.

Soma tena aya hiyo. Kijiji ambacho jina lake ni "mahali pa kushukia", ambacho kitabu chake maarufu kinahusu watu walioshukia hapo, mimi niliyesoma fasihi miaka mitatu nilikitangaza kuwa kimesahauliwa na dunia.

Nilikaa siku nne. Sitadai kwamba sikufurahi. Asubuhi nilikunywa kahawa chini ya mforosadi huku paka wakingoja wavuvi warudi. Nilikula dagaa wa kuchoma na tini mbichi. Niliogelea kwenye maji ambayo unaona vidole vyako vya miguu vikiwa chini mita mbili. Mchana kulikuwa na sauti ya mzee mmoja akishona nyavu na redio yake, basi. Na kila nilipoinua macho niliona upande wa pili: milima ya Uturuki, karibu kiasi kwamba jua likiwa limekaa vizuri unaona rangi ya mashamba. Pale mlango wa bahari una upana wa kilomita 10 hivi. Usiku taa za ng'ambo zinawaka safu ndefu. Nikazipiga picha pia. Nikaandika "uzuri".

Sasa tuhesabu nani alikileta kimya kile, hatua kwa hatua.

Hadi mwaka 1912 Lesbos ilikuwa chini ya dola ya Waosmani. Wakristo na Waislamu waliishi kisiwani, na bahari ile ya kilomita 10 haikuwa mpaka. Ilikuwa njia ya kwenda sokoni. Kisha jeshi la Ugiriki likashindwa Asia Ndogo mwaka 1922, na mwaka uliofuata, Lausanne, wanasiasa wakatia saini mkataba wa kubadilishana watu. Wakristo wa Kiorthodoksi wapatao milioni 1.2 waling'olewa Uturuki na kuhesabiwa Wagiriki, hata wale ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kituruki. Waislamu wapatao laki nne waling'olewa Ugiriki, hata wale waliosema Kigiriki. Kigezo kilikuwa dini, na hakuna aliyeulizwa anapenda kuishi wapi. Waislamu wa Lesbos wakavuka kwenda ng'ambo, Wakristo wa ng'ambo wakavuka kuja Lesbos. Misikiti ikanyamaza upande mmoja, makanisa yakanyamaza upande wa pili. Hicho ni kimya cha kwanza, na kilitiwa saini na watu waliovaa suti.

Halafu mwaka 2015. Mwaka huo watu zaidi ya laki nane na nusu waliingia Ugiriki kwa bahari, wengi wao wakikimbia vita vya Syria, Afghanistan na Iraq. Takriban laki tano kati yao walipitia Lesbos, na pwani ya kaskazini, yaani Skala Sykamnias na fukwe zake, ndiyo ilikuwa mlango mkuu. Boti za mpira zilifika mchana na usiku. Wavuvi waliacha nyavu wakawa waokoaji. Kuna picha ya Oktoba mwaka ule iliyozunguka dunia: vikongwe watatu wameketi kwenye benchi, mmoja wao anamnywesha mtoto mchanga maziwa ya chupa, mama wa mtoto amesimama kando. Mmoja wa vikongwe hao, Emilia Kamvysi, na mvuvi wa hapohapo, Stratis Valamios, walipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2016 kwa niaba ya watu wa visiwa. Bi Kamvysi hakuhitaji mtu wa kumfundisha ukimbizi ni nini. Mama yake mwenyewe alivuka maji yaleyale mwaka 1922.

Mahali kama hapo hapawezi "kusahauliwa na dunia". Dunia ilikuwa pale, na kamera zake zote. Kisha ikaamua kuondoka, na kabla ya kuondoka ikapanga namna ya kuzima sauti.

Machi mwaka 2016 Umoja wa Ulaya na Uturuki walitangaza makubaliano: wanaovuka kwenda visiwani bila vibali warudishwe Uturuki, na Uturuki iahidiwe hadi euro bilioni 6, fedha zilizoelezwa kuwa ni za kuwahudumia wakimbizi walioko nchini humo. Waliofika baada ya hapo hawakuruhusiwa kuendelea bara kama waliowatangulia. Walibaki kisiwani wakisubiri. Kambi ya Moria, iliyokusudiwa watu wapatao elfu tatu, ilifika mwanzoni mwa mwaka 2020 ikiwa na watu karibu elfu ishirini, kambini na kwenye mizeituni inayoizunguka. Septemba mwaka huo ikaungua, na watu zaidi ya elfu kumi na mbili wakalala barabarani.

Na waliojaribu kuendelea kuokoa? Mwaka 2018 baadhi yao walikamatwa Lesbos, akiwemo Sarah Mardini, Msyria ambaye mwaka 2015 yeye na mdogo wake Yusra waliingia majini kuikokota boti yao iliyozimika injini hadi Lesbos. Yusra aliogelea kwenye Olimpiki ya Rio mwaka uliofuata. Sarah alirudi kisiwani kuokoa wengine, na alikaa rumande zaidi ya miezi mitatu. Somo lilieleweka. Ukiona boti usiku, fikiri mara mbili kabla ya kupiga kelele.

Kwa hiyo nilipofika na taulo langu, kimya kilikuwa kimeshatengenezwa. Kilikuwa na mkataba wa 1923, makubaliano ya 2016, doria za baharini, kambi na kesi mahakamani. Mimi nikakiita "kitulivu" na kuweka kichwa cha moyo mwishoni.

Aliyenicheka nilikutana naye Mytilene, siku ya kuondoka. Nilikuwa gatini nazungumza na mama kwa simu, kwa sauti ya mtu wa Pangani, yaani kubwa. Nilipokata simu kijana aliyekaa ukutani akasema, "Dada, unatokaka wapi?" Kiswahili cha Kongo hukikosei. Alikuwa mtu wa Bukavu. Karatasi zake zilikuwa zimetoka, alikuwa anaosha vyombo hotelini huku akidunduliza nauli ya Athens. Tulisalimiana kama ndugu waliopotezana, tukacheka kwa sababu ya viswahili vyetu viwili, na akaniuliza nimetembea wapi kisiwani. Nikamwambia Skala Sykamnias.

"Ah," akasema. "Kule kuko namna gani sasa?"

"Kutulivu sana, kaka. Kuko kimya kabisa."

Ndipo akacheka. Hakucheka kwa ubaya. "Ni kweli," akasema. "Hata siku yetu kulikuwa kimya. Balituambia mutu asiongee. Mama mumoja aliziba mutoto kinywa na mukono, njia yote. Tulipogusa mawe hatukujua kama tumefika ao tumerudi Uturuki."

Ilikuwa mara ya tatu kwake kujaribu. Alifika usiku, pwani hiyohiyo ya kaskazini, kwenye kokoto ambazo mimi nilitandika taulo. Aliuliza kuna nini pale mchana, kwa sababu hakuwahi kupaona kwa mwanga. Nikamweleza mforosadi, kikanisa, paka. Alisikiliza kwa makini sana, kama mtu anayeelezwa nyumba aliyozaliwa.

Sasa irudie ile kadi ya plastiki. Mimi na yeye tuna lugha moja, na nadhani umri mmoja. Tumefika ufukwe mmoja. Kimya changu kilikuwa cha mtu aliyelipa chumba. Kimya chake kilikuwa mkono juu ya mdomo wa mtoto. Ukitumia neno moja kwa vyote viwili, Kiswahili chako kimekufa ganzi, na ninasema hivyo nikianza na changu.

Najua mtakayonijibu, kwa kuwa nimeshajijibu mwenyewe.

Mtasema: hata sisi tuna haki ya kupumzika. Miaka yote Wazungu wametuandika, wamelala kwenye fukwe zetu, wametuita watu wakarimu wenye tabasamu. Zamu yetu imefika, tusafiri, tupige picha, tusiulizwe historia kila tukivua viatu. Hoja hii naipenda, na ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kusafiri ni haki yetu, ndiyo. Lakini kama tumepata tiketi na kurithi na macho ya wale waliotutazama hivyo, tumepata nini? Mimi ni mtu wa Pangani. Nimekua nikisoma vitabu vya watalii vinavyouita mji wetu "uliolala". Haukulala. Ulikuwa bandari kubwa ya pembe za ndovu na ya watumwa. Abushiri aliyewapigania watu wa pwani dhidi ya Wajerumani alinyongwa hapo Desemba 1889. Miaka michache tu baadaye, mwaka 1893, Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, na biashara ikaifuata reli. Likaja katani, watu wakaja kutoka mbali kulikata, kisha nyuzi za viwandani zikaiua bei ya katani, mashamba yakanyamaza moja baada ya jingine. Bibi yangu aliweza kutaja king'ora cha kila shamba kwa sauti yake. Mtalii anaposhuka na kusema "panalala hapa, pazuri", anavuka juu ya king'ora hicho. Nilikuwa nakasirika sana. Kisha nikapata kadi ya plastiki, nikaenda kumfanyia bibi wa mtu mwingine jambo hilohilo.

Mtasema pia: lakini wenyeji wenyewe wanataka paitwe patulivu. Hapa ndipo hoja yangu inapotetereka, na sitajifanya haitetereki. Mama mwenye mkahawa niliokula, binti yake akitutafsiria, alinisikia nikisema naandika. Akafuta meza mara mbili, akasema: "Andika kwamba kuko kimya. Wakisikia kuko kimya watarudi." Baada ya 2015 watalii walikimbia kisiwa. Watu waliogawana mkate wao na walioloa maji waliadhibiwa na watu wa Ulaya kwa kufutiwa vyumba vilivyokwisha kukodishwa. Mama yule ana mkopo, ana mtoto chuoni, na ana majira ya joto ya miezi minne ya kujaza mwaka mzima. Mimi ni nani wa kumwambia kwamba neno lake si sahihi?

Nimelifikiria hilo kwa miezi mingi, na jibu langu ni hili. Yeye anaposema kuko kimya, anajua anasema nini. Anasema: hakuna maiti ufukweni wiki hii. Anasema: nimelala usiku bila kusikia watu wanalia majini. Katika mdomo wake neno hilo limebeba kila kitu kilichotokea, ni sawa na mgonjwa anayesema "leo sijambo". Katika mdomo wangu lilikuwa tangazo la hoteli. Yeye ana haki nalo. Mimi naweza kulipeleka kwenu ikiwa tu nitalipeleka na mzigo wake. Na siamini kwamba kumwambia msafiri ukweli kunamfukuza. Msafiri anayekimbia akisikia kwamba vikongwe wa kijiji fulani walinywesha watoto wa wageni maziwa, mwache akimbie. Nadhani wako wengi ambao wangekwenda kwa sababu hiyo hasa, wakala dagaa kwa mama yule, wakalipa na bakshishi.

Na mtasema, mwisho, kwamba maneno ni maneno tu. Makubaliano ya Brussels hayakuandikwa kwa sababu ya picha yangu. Kweli. Lakini sera ya kuwanyamazisha watu ina mahitaji yake, na mojawapo ni kwamba mahali palipofanyiwa kazi hiyo paonekane pa kawaida mapema iwezekanavyo. Askari hawezi kufanya hivyo, wala waziri. Hiyo ni kazi ya watu kama sisi: wenye simu nzuri, wenye lugha tamu, wasio na nia mbaya. Tunaifanya bure.

Sisemi msiende. Nendeni. Ogeleeni, maji ni safi kweli. Lakini kabla hujaandika "patulivu", uliza maswali matatu ambayo hata mtoto angeuliza. Zamani hapa kulikuwa na sauti gani? Ilikoma lini? Nani aliikomesha? Ukipata majibu, andika hayo, na neno "patulivu" utaona halihitajiki tena. Usipopata, andika jina la mahali na ulichokula, unyamaze. Hilo linatosha, hakuna aliyekulazimisha kutoa hukumu juu ya kijiji baada ya siku nne.

Na Kiswahili hakikosi maneno. Wazee wetu walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Waliokuwa wakikaa pwani, wakisoma bahari kila alfajiri, walijua kwamba maji yakinyamaza kupita kiasi unauliza kuna nini. Sisi tumekwenda shule tukajifunza kusema "wow".

Nilirudi kwenye ile picha nikafuta maneno sita. Badala yake niliandika: "Skala Sykamnias, Lesbos. Ng'ambo ni Uturuki, kilomita 10 hivi. Usiku ukikaa gatini unaziona taa zao, na wao wanaziona za huku." Walioipenda mara hii walikuwa kumi na mmoja. Mmoja akauliza chumba ni bei gani kwa usiku.

Nikamtajia bei. Kisha nikamwandikia ujumbe mrefu kuhusu zile taa.